MT5 (programu ya kutredi sarafu na dhahabu) imeganda na oda iko wazi: soma hapa kabla hujaniandikia

Kila Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, bei zikirukaruka, swali ni lilelile: "Mkuu, chati haisogei, nifanyeje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Ingia kwenye akaunti yako ya MT5 kwa simu, kwa bando la mtandao mwingine. Oda kwanza, ufundi baadaye.

2. Fungua tovuti yoyote. Ikifunguka, ruta haina kosa. Bofya vile vipau vya kona ya chini kulia ya MT5, uchague seva nyingine ya brokeri.

3. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya. Ikitulia, mkorofi ni wifi.

4. Kwenye CMD (dirisha la amri la Windows) andika ping -t 8.8.8.8, uiache dakika tano. Ikijibu vizuri na tovuti hazifunguki, badilisha DNS (inayotafuta anwani za tovuti).

5. Tazama taa. LOS (taa ya mawimbi ya faiba kwenye ruta) ikiwa nyekundu, faiba imekatika au imekunjwa. Piga simu kwa kampuni.

6. Zima ruta, hesabu hadi 30, washa. Nimesema ZIMA. Sikusema riseti! Mimi nilikuwa na dhahabu loti 0.5 (wakia 50), bila SL (kikomo cha hasara) kwa sababu nilijiona fundi. Nikachukua pini ya ushungi ya mke wangu, nikachoma kile kitundu cha nyuma. Taa zikazimika, zikawaka tena, nikashangilia. Kumbe jina na nywila ya PPPoE (ya kuiunganisha ruta na kampuni ya intaneti) aliyoweka fundi siku ya kufunga vimefutika. Huduma kwa wateja wakaniambia nisubiri fundi Jumatatu. Hadi nakumbuka kuwa simu ina MT5, bei imeshanipita dola 22 kwa wakia, yaani dola 1,100 zimekwenda. Kwa hiyo ziombe hizo taarifa za PPPoE leo, uziandike kwenye daftari. Na kitundu hakiguswi oda ikiwa wazi.

MASWALI

— Nimefanya yote, imegoma.
Yote yapi? LOS ina rangi gani?
— Sijaangalia.
Basi hujafanya yote.

— Samahani kaka, intaneti ikikatika SL yangu inabaki?
Umeuliza la maana, dada. SL na TP (kikomo cha faida) zinakaa kwenye seva ya brokeri, hata laptopu ikizimika zinafanya kazi. Trelingi (SL inayoifuata bei) ndiyo inayowaponza watu: inaendeshwa na MT5 ya kompyuta yako, kwa hiyo mtandao ukikatika SL inabaki pale ilipofikia. Roboti ya kutredi nayo hivyohivyo, ndiyo maana wenye roboti hukodi VPS (kompyuta ya mbali inayowaka muda wote).

— Dola 1,100 bila SL, halafu unatufundisha?
Nimeandika mwenyewe kwamba nilikosea. Wewe ya kwako uliyaandika wapi?

— Mei 2024 nilihangaika na ruta siku nzima, bado inakokota.
Ile ilikuwa baharini. Tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hapo ni kufunga oda na kwenda kulala.

— Umeme je? Kwetu ukikatika ruta inakufa, laptopu ina chaji.
Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta. Soma kwanza volti nyuma ya adapta: nyingi ni 12, zipo za 9. Usichomeke kwa kubahatisha.

— Mkuu, nimeangalia. LOS nyekundu.
Piga simu. Kitundu usikiguse.
— Nilishabonyeza asubuhi.
PPPoE uliiandika?
— PPPoE ndiyo nini?
Rudi namba 6.