Biashara ya Mtu Mkimya: Jinsi ya Kupanga Mazungumzo Yasikumalize

Ukiwa mkimya na unaendesha biashara yako mwenyewe, utaambiwa kila kona: changamka, jichanganye, ongea na watu. Mimi nashinda na wateja kila siku, bado ni mkimya vilevile, na ushauri huo simpi mtu. Kinachofaa ni kuchagua mazungumzo machache yanayoleta pesa, ukayaandaa vizuri, yaliyobaki ukayaachia maandishi.

Kwanza tenganisha ukimya na woga. Mkimya huchoka akikaa na watu muda mrefu. Mwoga huhofia watakavyomwona. Uchovu unatibiwa kwa ratiba, woga kwa mazoezi. Wala usidhani msemaji sana ndiye muuzaji bora. Mwaka 2013 Adam Grant wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha utafiti wa wauzaji 340 wa kwenye simu, na walioingiza mapato makubwa zaidi walikuwa wa katikati: si wachangamfu kupindukia, si wakimya kabisa. Kwa hiyo unahitaji kusogea kidogo tu.

Hatua ya 1: Kagua wiki moja

Andika kila mazungumzo ya kazi: na nani, kuhusu nini, yalizaa nini, na yalikuacha na hali gani. Mwisho wa wiki weka alama. S ni yale yaliyohitaji sauti, M ni yale ambayo maandishi yangetosha, X hayakuwa na haja. M huwa nyingi, na nyingi ni maswali yaleyale.

Hatua ya 2: Jibu maswali hayo mara moja kwa maandishi

Ukurasa mmoja unatosha: unachofanya, muda unaochukua, utaratibu wa malipo, na kazi usizopokea. Hicho cha mwisho wengi hukiruka, kumbe ndicho kinachopunguza simu zisizo na tija.

Hatua ya 3: Andaa simu ya bei

Hapa ndipo wakimya wengi tunapopoteza pesa. Kwa kuwa hatupendi mvutano, tunajipunguzia bei kabla mteja hajaomba. Kabla ya kupiga, andika maswali matatu na uyaweke mbele yako:

- Umeshajaribu nini mpaka sasa?
- Kazi ikikamilika, nini kitakuwa kimebadilika kwako?
- Nani mwingine anahusika kwenye uamuzi?

Uliza, kisha sikiliza bila kukatiza. Hilo tunaliweza kuliko wengi. Mrudishie ulichosikia: "Kwa hiyo oda zipo, shida ni kwamba zinachelewa, sivyo?" Akikubali, taja bei kwa sentensi moja, sema malipo yanagawanywaje, halafu nyamaza. Usiongeze "lakini tunaweza kuongea." Sekunde chache za kimya zitakuwasha, ila mara nyingi mwenzako anapiga hesabu tu, hajakataa.

Akiomba punguzo, punguza na kazi: "Tukiiacha sehemu ya tatu, bei inashuka mpaka hapa." Ukibanwa, una haki ya kusema, "Nitakujibu kwa maandishi kesho kabla ya saa nne asubuhi." Ila timiza. Ukichelewa mara moja tu, ahadi hiyo haina kazi tena.

Hatua ya 4: Fuatilia

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mteja hasubiri mshindo. Kama hajajibu, mwandikie baada ya siku chache: "Habari za leo. Nakukumbusha makadirio niliyokutumia Jumatatu. Ukithibitisha kabla ya Ijumaa, naweza kuanza wiki ijayo. Kama umeahirisha, niambie tu, hakuna shida." Sentensi ya mwisho usiiondoe. Inampa nafasi ya kukataa bila aibu, nawe unaacha kukisia. Weka tarehe ya kukumbusha kwenye kalenda siku ileile unayotuma makadirio, maana ukisubiri ujisikie, hutajisikia.

Hatua ya 5: Mikusanyiko, kwa kipimo

Fika mapema, ukumbi ukiwa bado na watu wachache. Lenga kuzungumza na wawili, kisha ondoka bila kuomba radhi. Huhitaji kuwafanya marafiki wa kufa na kuzikana: mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba waliopata kazi kupitia mtu mara nyingi walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara chache. Kesho yake waandikie mistari miwili inayotaja jambo mlilozungumza, na baada ya miezi kadhaa wajulie hali tena.

Hatua ya 6: Linda ratiba, kisha jinyooshe

Simu zote zikusanye kwenye siku mbili za wiki, na baada ya kila simu nzito jiachie nusu saa isiyo na mtu. Zikishatulia hizo, chukua jambo moja lenye alama S unalolikwepa, kwa mfano kudai malipo yaliyochelewa kwa sauti badala ya meseji. Lifanye asubuhi, kabla ya simu nyingine yoyote, na uwe na ankara mbele yako ili tarehe na kiasi usivikosee.