Namna ya Kunakili CD-ROM Kuukuu Ingali Inasomeka

Data za CD-ROM hazifutiki wala haziongezwi, kwa kuwa zilichapwa kiwandani zikiwa vishimo vidogo mno kwenye plastiki, vikafunikwa kwa utando mwembamba wa alumini, kisha ukapakwa vanishi na kuchapishwa jina juu yake. Kompyuta, basi, haiwezi kuiharibu kwa kuiandika vibaya. Kinachoiharibu ni mikono yetu, joto na unyevu.

Anza kwa kuikagua. Ishike ukingoni, uielekeze kwenye taa, na ukiona vitone vya mwanga vinapenya, ujue alumini imebanduka na data za mahali hapo zimepotea. Wengi hulinda upande unaong'aa na kulaza diski kwa upande wa maandishi, na hilo ni kosa. Kati ya unene wake wa milimita 1.2, karibu wote ni plastiki ya upande wa chini unakopita mwale wa leza, hivyo mkwaruzo wa chini huweza kusuguliwa ukatoka, ilhali ule wa juu hauna mbali pa kwenda kabla ya kuifikia alumini.

Alama za vidole zifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Data zimepangwa kwenye njia moja inayojizungusha kuanzia ndani kwenda nje. Mkwaruzo unaoikata njia hiyo hugusa kipande kifupi, ambacho kisomaji hukifidia kwa hesabu za kusahihisha makosa, bali unaoifuata hula data nyingi mfululizo.

Usiburute mafaili peke yake. Tengeneza faili moja la ISO, ambalo ni nakala ya diski nzima pamoja na jina lake lililoandikwa ndani ya data (si lile lililochapishwa juu yake), kwani programu nyingi za zamani hukataa kufanya kazi zisipoliona jina hilo. Tenga nafasi ya megabaiti 700. Kwenye Linux kuna programu mbili za kunakili diski, dd na ddrescue; napendelea ddrescue, kwa sababu haikwami kwenye sehemu mbovu (/dev/sr0 ni jina la kisomaji cha CD):

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 diski.iso diski.map
ddrescue -b 2048 -d -r3 /dev/sr0 diski.iso diski.map

Amri ya kwanza huchukua kinachosomeka kwa urahisi, na ya pili hurudia palipogoma mara 3. Namba 2048 ni idadi ya baiti za data katika kila sekta, yaani kila kipande ambacho diski imegawanywa. Faili la diski.map ndilo linalokumbuka mapengo, kwa hiyo ukiihamishia diski kwenye kisomaji kingine na kurudia amri ya pili, yatasomwa mapengo tu; mara nyingi kisomaji kimoja hufaulu pale mwenzake aliposhindwa.

Diski za michezo zenye nyimbo ndani yake haziingii kikamilifu katika ISO. Hizo zinakiliwe kwa programu inayotoa mafaili ya BIN (data na nyimbo zenyewe) na CUE (orodha ya mpangilio wake).

Mwishowe fungua nakala, ujaribu mafaili kadhaa, uhifadhi kando yake jumla ya sha256sum, yaani namba inayokuonyesha baadaye kama faili limebadilika, na urudishe diski kwenye kasha lake, ikiwa imesimama wima.