Mwingajini kwa choa, kama nilivyofundishwa na bibi

Mwingajini hatuupandi. Mvua za masika zikishanyesha, unajiotea wenyewe jaani na kandokando ya njia. Kwetu Makunduchi umejaa nyuma ya jiko. Maua yake ni ya manjano, na maganda yamesimama kama vidole vinavyoelekea juu. Ukifikicha jani, harufu yake haivumiliki. Kuwinga ni kufukuza, kama watoto wanavyowinga ndege mpungani, na bibi aliamini hakuna jini anayekaa penye uvundo ule.

Uangalie vizuri kabla ya kuchuma. Kila kikonyo kina jozi nne hadi sita za vijani vilivyochongoka ncha. Ukiona jozi tatu tu, ncha zake mviringo na maganda marefu membamba yaliyopinda kama mundu, huo ni ndugu yake, uache.

Mimi nautumia kwa choa cha mwilini tu. Chuma konzi moja ya majani mabichi asubuhi, yaoshe, uyatwange kwenye kinu pamoja na chumvi kidogo. Tia maji vijiko viwili, ukamue kwa kitambaa safi. Kwanza paka tone moja ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake. Pakiwasha au pakivimba, acha kabisa. Pasipodhuru, osha choa kwa sabuni, kikaushe vizuri (bibi alisisitiza sana hapa, maana choa hupenda unyevu), kisha upake asubuhi na jioni. Usipake kwenye kidonda wala karibu na macho. Taulo la mgonjwa liwe lake peke yake.

Wiki ikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya. Mapunye ya kichwani usiyasubirie hata siku moja, kwa sababu yanahitaji dawa ya kumeza.

Wengine huchemsha mizizi kwa homa. Mimi sifanyi hivyo: homa yaweza kuwa malaria, nayo hupimwa. Mjamzito asiunywe kabisa.

Na mbegu, nawaomba mama wenzangu, msiwaachie watoto wazichezee. Wapo wanaozikaanga kuwa kahawa, lakini ni sumu. Huko Uttar Pradesh, India, watoto waliokula mbegu hizi walipoteza maisha. Mimi hukata maganda yangali mabichi, wajukuu wasijeyapata.

Majani yakibaki, yatupe. Bibi hakuwahi kutwanga majani ya jana.