Kitanda cha matete cha kusafisha maji ya bwawa la samaki

Ninafuga kambale na perege hapa Morogoro, na maji machafu ya mabwawa yangu siyaelekezi mtoni. Nayapitisha kwenye kitanda cha matete, yaani shimo lililojazwa kokoto na kupandwa matete, yasafike kisha yarudi bwawani. Bondeni kuna watu wanachota humo maji ya kupikia. Ukimwaga ya bwawani unawapelekea mavi ya samaki, mabaki ya chakula na amonia, sumu inayotokana na uchafu huo.

Anza na shimo la kutuliza tope. Maji yakienda moja kwa moja kwenye matete, tope litaziba kokoto. Yaache yatulie saa kadhaa. Tope lenyewe zoa upeleke kwenye migomba.

Ukubwa wa kitanda usikisie, piga hesabu. Tuseme kila siku unatoa lita 1,000 na unataka maji yakae kitandani siku 2: hizo ni lita 2,000. Nafasi iliyopo kati ya kokoto ni kama asilimia 40 tu, kwa hiyo unahitaji meta 5 za ujazo za kokoto. Kwa kina cha nusu meta, chimba meta 5 kwa 2.

Tandika turubai zito, hasa kwenye udongo wa kichanga, kisha jaza kokoto zilizooshwa. Maji yaingie upande mmoja yatokee wa pili. Bomba la kutolea lipange ili maji yasimame sentimeta 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hapati pa kutagia.

Matete yachimbue na vipande vya mizizi minene yenye macho, upande vinne kwa kila meta ya mraba. Mwanzoni pitisha maji kidogo mpaka yachipue vizuri. Na si matete peke yake yanayofanya kazi: bakteria walioshika kwenye kokoto na mizizi huigeuza amonia kuwa naitreti, ambayo ni mbolea, ndipo mmea unaifyonza. Ndiyo maana lazima uyakate, tena yakiwa mabichi, mbuzi wale. Yakiozea humo humo, uchafu yaliofyonza unarudi majini.

Magugu maji usiyalete, tafadhali, hata kama yanafyonza sana. Mafuriko ya masika yakiyabeba hadi mtoni huyarudishi tena. Waulize wavuvi wa Ziwa Victoria.

Maji yanayotoka kitandani yana oksijeni kidogo. Kambale atavumilia, kwa kuwa huibuka kuvuta hewa, perege hawezi. Yaporomoshe juu ya mawe kabla ya kuyarudisha bwawani.