Uso umevimba na unawasha? Kabla hujapaka chochote soma hapa

Naandika hii kwa sababu naona watu wengi uso ukitoka vipele kitu cha kwanza wanaongeza kitu kingine juu yake, mara limao, mara dawa ya meno, mara ile tyubu ambayo jirani aliitumia akapona, na hapo ndo uso unaharibika kabisa. Tafadhali acha kupaka kwanza.

Mi yalinikuta kwenye harusi ya dada yangu. Nilichorwa piko mikononi na siku hiyohiyo nikatia nywele dawa nyeusi, usiku nikalala vizuri tu, kesho yake kope zikaanza kuwasha, siku ya tatu nimeamka macho hayafunguki, paji la uso limejaa malengelenge madogo na nyuma ya masikio panatoka maji. Nikasema ni wale kamba tuliokula. Wala hawakuwa kamba. Piko na dawa nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inaitwa PPD, na aleji ya namna hii haitokei papo hapo, mara nyingi inachukua siku moja mpaka tatu, ndo maana mtu anakosea kumjua mbaya wake. Halafu ngozi ya kope ni nyembamba sana, so unaweza kupaka kichwani balaa likaonekana machoni. Na usiseme mbona naitumia miaka yote, mwili unaweza kukikataa kitu ulichokizoea, na ukishakikataa kwa kawaida ndo moja kwa moja.

Sasa ukiona dalili fanya hivi. Osha uso kwa maji ya baridi bila kusugua, kama ni dawa ya nywele osha kichwa mpaka maji yatoke hayana rangi. Kisha acha vyote, krimu, skrabu, mekapu, hata manjano na liwa, maana mambo ya asili nayo yanaleta aleji vizuri tu. Chukua kitambaa safi cha pamba, lowesha maji baridi, weka usoni dakika 10 hadi 15, rudia mara tatu au nne kwa siku. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Ikikauka na kubana paka mafuta ya mgando kidogo, yale yasiyo na harufu kabisa, sio ya watoto yenye manukato. Na kata kucha, maana usiku utajikuna bila kujua.

Muwasho ukizidi, mtu mzima anaweza kumeza cetirizine 10 mg mara moja kwa siku, inasaidia zaidi kama ni yale madonge yanayotokea na kupotea. Piriton nayo ipo ila inaleta usingizi, usimeze halafu ukaendesha chombo. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 unaweza kupaka kidogo sana siku chache, isizidi wiki, na machoni usiguse bila daktari kukuambia. Mjamzito au mtoto, ongea na mfamasia kwanza.

Hizi tyubu za dukani ndo zinaniuma roho. Soma maandishi madogo, ukiona betamethasone au clobetasol hiyo ni steroidi kali, haifai kujipakia usoni mwenyewe. Siku mbili za kwanza uso unatulia, unafurahi, unaendelea, baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, chunusi zinajaa, na ukiacha uso unawaka moto kuliko mwanzo, unairudia tena, huko kutoka kwake ni kazi. Mikorogo mingi ni habari hiyohiyo, mingine ina zebaki.

Ulimi, midomo au koo vikivimba, ukapumua kwa shida au ukapata kizunguzungu, hapo sio pa kusubiri, nenda hospitali dakika hiyohiyo. Usaha, homa au macho kuona ukungu pia ni vya daktari.

Kama ni mstari mwekundu unaochoma umeamka nao msimu wa mvua, huenda sio aleji, ni Nairobi fly, yule mdudu mdogo mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, umemponda usiku usoni na sumu yake imekuunguza. Ukimwona mpulize usimponde, akikugusa osha kwa sabuni na maji.

Uso ukishatulia ndo unatafuta chanzo. Andika kila kitu kilichokugusa zile siku tatu kabla ya kuvimba, sio cha usoni tu. Rangi ya kucha inaweza kukuvimbisha kope kwa sababu unajishika uso siku nzima, gundi ya kope, marashi, shampuu, sabuni uliyofulia foronya, hata mafuta ya ndevu ya mumeo. Rudisha kimoja kimoja, kimoja kwa wiki, ukirudisha vyote pamoja hutajua kitu. Krimu mpya ijaribu kwenye kiwiko kwa ndani mara mbili kwa siku kwa siku 7 kabla haijafika usoni. Dawa ya nywele jaribu saa 48 kabla, ila kama ulishawahi kuvimba kwa piko au dawa ya nywele usijijaribu nyumbani, achana nayo kabisa. Hina ya kweli inatoka rangi ya chungwa au kahawia, ile inayotoka nyeusi tii kwa nusu saa ina kitu kimeongezwa.

Ikijirudia bila kujua sababu muone daktari wa ngozi, hospitali ya KCMC kule Moshi wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Mwombe kile kipimo cha kubandika plasta mgongoni, inakaa saa 48 kisha wanasoma, na wanasoma tena baada ya siku kadhaa. Nenda na maboksi ya vitu unavyotumia, au vipige picha upande wenye viambato. Na saluni sema mapema kabla hawajachanganya dawa, wakikwambia hii haina shida omba boksi ulisome mwenyewe.