Somo: Blackjack ya mezani. Kusoma meza, mikono ya dila, na maamuzi ya 12 hadi 16

Wakuu, somo hili ni la mtu aliyezoea arubastini na lasti kadi pale Mwanjelwa, na sasa anataka kuielewa blackjack kabla ya kupanda basi na hela ya viazi mfukoni. Kasino hawaruhusu aliye chini ya miaka 18, basi kama hujafika, ishia kwenye mazoezi ya nyumbani. Tafuta pakiti moja ya karata na punje 100 za maharage ziwe chipsi zako (si chipsi mayai).

1. Hesabu

Karata 2 hadi 10 zina thamani yake, picha zote ni 10, ree ni 1 au 11. Lengo ni kumzidi dila (mgawa karata wa kasino) bila kupita 21. Ukipita 21 umepitiliza, hela imekwenda hata kama dila naye atapitiliza baadaye. Faida kubwa ya nyumba, yaani kasino, inatoka hapo.

Jumla yenye ree inayohesabika 11 inaitwa laini. Wengi wanateleza hapa. Una ree na 6, hiyo ni 17 laini. Umeomba (umechukua karata nyingine), imekuja 9. Hujapitiliza: ree inashuka kuwa 1, sasa una 16 ngumu (isiyo na ree ya 11). Dila akionyesha 6, unabaki (huchukui karata zaidi). Akionyesha 10, unaomba tena. Atakayetangaza "26!" na kuinua mikono ameitupa hela yake mwenyewe.

2. Soma meza kabla hujavuta kiti

Angalia maandishi kwenye kitambaa. Blackjack, yaani ree na karata ya 10 katika karata mbili za mwanzo, inatakiwa kulipa 3 kwa 2: umeweka 10,000, unapewa 15,000. Meza ya 6 kwa 5 inakupa 12,000. Blackjack huja takriban mara moja katika mikono 21, na kila ikija unapoteza 3,000 kimyakimya. Meza ya 6 kwa 5 ipite.

Kisha uliza dila anajipa karata ngapi mwanzoni. Akiwa na mbili, moja imefunikwa, huchungulia kama ana blackjack kabla hujaongeza dau. Akijipa moja tu, ya pili anaichukua wachezaji wakishamaliza, na ikitokea blackjack anabeba hata dau ulilodabo (uliloliongeza mara mbili ili upewe karata moja tu zaidi). Kwenye meza hiyo usidabo 11 mbele ya 10 au ree, na jozi ya 8 mbele ya hizo usiitenganishe (kuigawa iwe mikono miwili), omba tu.

3. Mikono ya dila

Pakiti 6 ni karata 312. Baada ya kuchanganya, mchezaji mmoja anakata, karata ya kwanza inatupwa pembeni, na karata ya plastiki inachomekwa karibu na mwisho kuonyesha pa kusimamia. Dila anaanza kugawa kushoto kwake. Akifikisha 17 anasimama. Penye sheria ya kuomba kwenye 17 laini, nyumba inajiongezea takriban asilimia 0.2.

Hela usimpe dila mkononi. Iweke mezani, nje ya boksi la dau. Atazitandaza noti zote zionekane kwenye kamera, atataja kiasi kwa sauti, atapanga chipsi, ndipo akusogezee. Ukiziweka ndani ya boksi zinaweza kuhesabiwa kuwa dau. Karata zikitolewa usiguse dau lako, na karata zilizo wazi usizishike.

Ishara ni za mkono: gusa meza kwa kidole kuomba, pitisha kiganja juu ya meza kubaki. Maneno hayatoshi, kwa sababu kamera inaona mkono.

4. Maamuzi

17 ngumu na kuendelea, baki. 13 hadi 16, baki dila akionyesha 2 hadi 6, omba akionyesha 7 hadi ree. 12, baki mbele ya 4, 5 na 6 tu. Sababu ni kwamba dila mwenye 6 hupitiliza kama mara 42 katika 100, ila mwenye 7 ni kama 26 tu. Mwache wa 6 ajiangushe mwenyewe.

Dabo 11 mbele ya 2 hadi 10, 10 mbele ya 2 hadi 9, na 9 mbele ya 3 hadi 6. Jozi za ree na 8 tenganisha; za 10 na 5 usiguse. Ree na 7: dabo mbele ya 3 hadi 6, baki mbele ya 2, 7 na 8, omba mbele ya 9, 10 na ree. Huu wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko yote.

16 mbele ya 10 ni mkono mbovu hata ufanyeje. Meza ikiruhusu kusalimu amri, toa nusu ya dau. Isiporuhusu, omba.

Zoezi: weka 6 iwe ya dila, jigawie mbilimbili mpaka pakiti iishe, ukitaja uamuzi kwa sauti. Rudia kwa 10, kisha kwa 2. Ukisita, rudia mkono huo.

MASWALI

Mdau wa Tukuyu: Mkuu, wa boksi la mwisho akiomba hovyo, si anatuharibia meza?

Hapana. Karata aliyoichukua hakuna aliyeijua. Leo kachukua iliyokuwa impitilize dila, kesho atachukua iliyokuwa imwokoe. Mnakumbuka ile iliyowauma tu.

Mdau wa Iringa: Kamwene! Nina blackjack, dila ana ree. Nichukue bima?

Kamwene, dada. Usichukue. Bima, yaani dau la pembeni kwamba dila ana blackjack, inalipa 2 kwa 1, lakini pakiti 6 zikiwa mpya, ukitoa karata zenu tatu zinabaki 309, na za 10 ni 95 tu. Unashinda mara 95, unashindwa 214. Ingelipa sawa kama zingekuwa 103.

Mdau wa Mafinga: Je, nikidabo dau kila nikiliwa, si lazima nirudishe?

Tuseme unaanza 5,000 na kikomo cha meza ni 200,000. Ukiliwa mara sita mfululizo umepoteza 315,000, na dau la saba ni 320,000. Meza hailipokei.

Mdau wa Njombe: Nikicheza bila kosa, saa moja inanigharimu kiasi gani?

Kwenye meza nzuri nyumba inabaki na kama asilimia 0.5. Dau la 5,000, mikono 60, zimezunguka 300,000: wastani unaacha 1,500. Ila huo ni wastani, kaka. Kwa saa moja kupanda au kushuka 45,000 ni jambo la kawaida kabisa, jipange kwa hiyo.

Mdau wa Uyole: Shikamoo mwalimu. Mimi naomba kazi ya udila. Nianze na nini?

Marahaba. Anza na malipo ya 3 kwa 2, kichwani: dau, ongeza nusu yake. 7,500 ni 11,250. 12,500 ni 18,750. 35,000 ni 52,500. Halafu zoea kukata chipsi kwa mafungu ya 20 bila kutazama. Ukikosea kugawa, usirudishe karata mwenyewe hata kama kosa ni dogo: acha kila kitu kilipo, mikono wazi juu ya meza, mwite msimamizi.