SOMO: Mgonjwa wa kiharusi haongei, tufanyeje nyumbani?

Kila wiki swali hilihili. Naandika mara moja, someni mpaka mwisho.

1. Hospitali kwanza. Ulizia mtaalamu wa tiba ya usemi.

2. Kabla ya uji, nesi au daktari aangalie anavyomeza. Akinywa akakohoa, acha. Chakula au kinywaji kikiingia njia ya hewa kinaweza kuleta nimonia.

3. Jueni tatizo. Ulimi mzito lakini sentensi zimenyooka: ni misuli. Anatafuta neno halipati, anasema "kijiko" akitaka kikombe, au haelewi mnachosema: hiyo ni afasia, mara nyingi ubongo umeumia upande wa kushoto. Akili anazo. Msimwongeleshe kama mtoto.

4. Zima redio na TV.

5. Hapa ndipo familia nyingi zinaharibu. Shika kikombe, uliza "Hiki nini?" kisha NYAMAZA. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usimmalizie neno, na wajukuu wasiropoke jibu. Akikwama, mpe sentensi yenye pengo: "Chai tunamimina kwenye…" Bado? Mpe mwanzo wa neno: "Kiko…" Bado? Litamke wewe, alirudie, songeni mbele. Akichoka au akilia, pumzikeni. Vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku. ONYO: msimnyime maji eti mpaka ayataje. Huo ni ukatili, na haufundishi kitu.

6. Tumieni yanayotoka yenyewe: kuhesabu, siku za wiki, Alhamdu, Baba Yetu, pambio. Asiyeweza kusema "maji" anaweza kuimba ubeti mzima. Imbeni "na-ta-ka ma-ji" mkigonga taratibu mkono wake wa kushoto, halafu punguzeni wimbo kidogo kidogo.

Dawa gani inarudisha usemi haraka?
Umesoma? Hakuna kidonge. Za presha alizoandikiwa asiache, zinazuia kiharusi kingine.

Si mumpe kalamu aandike tu?
Afasia hugusa hata kuandika na kusoma. Rudi namba 3.

Samahani dada, mama ni Mchaga, Kiswahili alikipata shuleni. Mazoezi tufanye kwa lugha ipi?
Umeuliza jambo la maana sana. Lugha zaweza kurudi kwa kasi tofauti, na si lazima ya utotoni itangulie. Anzeni na ile anayoongea na watu wake kila siku. Akichomeka neno la Kichaga katikati ya Kiswahili, lipokeeni kwa furaha, msimsahihishe. Shangazi akipiga simu, mwache aongee naye Kichaga.

Baba ana mwaka wa pili sasa. Tumechelewa?
Hapana, kaka. Kasi kubwa ni miezi ya mwanzo, lakini hata baada ya mwaka watu huongeza maneno wakifanya mazoezi.

Sisi tumepiga picha za choo, maji, dawa na kitanda, ziko kwenye simu, anagusa anachotaka.
Safi sana. Ongezeni sura za watoto wake, mtaje jina kila anapogusa. Na miwani yake mnamvalisha?